Kuambata, Kubandua na Kugandama: Kauli za Vitenzi na Istilahi za Utepe wa Gundi

Utangulizi

Mzungumzaji wa Kiswahili akitaka kufunga kifurushi au kubandika tangazo ukutani, aghalabu huomba "selotepu". Neno hili limetokana na Sellotape, jina la biashara lililoanza kutumiwa nchini Uingereza mwaka wa 1937, nalo limepanuka kimaana hata likataja takribani kila utepe wenye gundi. Upanuzi huo hauna dosari katika mazungumzo ya kila siku. Tatizo huzuka pale mwalimu wa sayansi, mfasiri wa maelezo ya bidhaa au mtunzi wa kamusi anapotakiwa kueleza sifa za utepe huo. Hapo kitenzi kimoja, kunata, hubebeshwa mzigo wa dhana tatu zilizo tofauti. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba dhana hizo zinaweza kutenganishwa kwa kauli za vitenzi ambazo mwanafunzi wa Kiswahili amezijua tangu shule ya upili.

Utepe na gundi yake

Utepe wa gundi una sehemu mbili kuu: ukanda wa karatasi, plastiki au kitambaa, na tabaka jembamba la gundi. Gundi ya bahasha hutaka kuloweshwa, na ya seremala hutaka kukauka. Gundi ya utepe haitaki maji, joto wala kukauka. Husalia mbichi daima, na hushika kwa kubonyezwa tu. Siri yake ni kuwa na tabia mbili kwa wakati mmoja. Ikigandamizwa, hutiririka polepole kama uji mzito na kujaza vishimo vidogo vya uso unaobandikwa. Ikivutwa ghafla, hukinza kama mpira. Kuiita "gundi inayohisi shinikizo" ni kufasiri neno kwa neno, kwani gundi haihisi chochote. "Gundi ya kugandamiza" ni istilahi iliyo wazi zaidi, kwa kuwa hutaja tendo linaloifanya ishike.

Sifa tatu, kauli tatu

Sifa ya kwanza ni wepesi wa gundi kushika mara tu inapogusa kitu. Hupimwa, kwa mfano, kwa kuviringisha gololi ya chuma kutoka kwenye mteremko hadi juu ya gundi. Kadiri gololi inavyosimama karibu, ndivyo sifa hii ilivyo kubwa. Kiini chake ni mgusano, na mgusano ndio maana ya kauli ya kutendata: fumba huzaa fumbata, paka huzaa pakata. Kitenzi ambata kimo katika kundi hili. Kwa hivyo sifa hii inafaa kuitwa uambataji.

Sifa ya pili ni nguvu inayohitajika ili kuuondoa utepe uliokwisha kubandikwa. Njia moja iliyozoeleka ni kubandika kipande chenye upana wa milimita 25 kwenye bamba la chuma, kisha kukivuta kwa pembe ya nyuzi 180 kwa kasi ya milimita 300 kwa dakika. Hapa tendo la awali linatenguliwa, na hiyo ndiyo kazi ya kauli ya kutendua: funga na fungua, bandika na bandua. Istilahi inayopendekezwa ni nguvu ya kubandua.

Sifa ya tatu ni uwezo wa gundi kustahimili mzigo unaoivuta sambamba na uso bila kuteleza. Kipande cha utepe hubandikwa kwenye bamba lililosimama wima, uzito ukaning'inizwa chini yake, na muda ukahesabiwa hadi utepe uanguke. Kinachopimwa ni kudumu katika hali moja, nayo ni maana ya kauli ya kutendama: funga na fungama, ganda na gandama. Sifa hii na iitwe ugandamaji.

Umuhimu wa kutofautisha

Huenda msomaji akauliza iwapo utenganishaji huu si wa kitaaluma tu. Jibu limo katika gundi yenyewe: sifa hizi aghalabu hupingana. Gundi laini huambata upesi, lakini huelekea kuteleza chini ya mzigo, hasa penye joto; iliyo ngumu zaidi hugandama vyema, lakini hukawia kuambata. Maelezo yanayosema kwamba utepe fulani "unanata sana" hayamwambii mnunuzi kama utafunga katoni zito kwa miezi mingi au utaachia siku ya jua kali. Isitoshe, nomino mnato hutumiwa katika fizikia kwa maana ya ukinzani wa kiowevu dhidi ya mtiririko, hivyo kuiongezea dhana nyingine tatu ni kuzidisha utata.

Historia nayo inathibitisha jambo hili. Katika miaka ya 1920 nchini Marekani, wapaka rangi wa magari ya rangi mbili walitatizwa na utepe ulioshika vizuri mno: ulipoondolewa, uling'oa na rangi. Richard Drew, mfanyakazi wa kampuni ya 3M huko St. Paul, alibuni utepe wa kuzuia rangi mwaka wa 1925. Haja ya mafundi wale haikuwa utepe wa kunata zaidi. Walitaka utepe unaoambata vya kutosha na kubanduka bila madhara.

Hitimisho

Istilahi zilizopendekezwa hazikukopwa wala hazikubuniwa kutoka hewani. Zimechotwa katika mofolojia ya Kiswahili, ambamo kugusa, kutengua na kudumu vimekwisha kutengewa viambishi vyake. Selotepu ina haki ya kubaki dukani. Hata hivyo, darasani na katika maelezo ya bidhaa, dhana tatu zinastahili majina matatu. Kauli za vitenzi zisiwe zoezi la kukariri kwa ajili ya mtihani tu. Ni ghala la istilahi, na wanaisimu kwa ushirikiano na mafundi wana wajibu wa kulifungua.