Ovari, Insulini na Afya ya Msichana

Mwaka 1935 madaktari Irving Stein na Michael Leventhal wa Chicago, Marekani, walieleza habari za wanawake saba waliokuwa na ovari zenye vifuko vingi. Tangu hapo ugonjwa huo umejulikana kwa vifuko hivyo. Lakini vifuko si uvimbe. Ni makazi ya mayai machanga yaliyokoma kukua kabla ya kupevuka. Kwa wagonjwa wengi, sababu mojawapo iko mbali na ovari, nayo ni jinsi mwili unavyoitikia insulini.

Insulini ni homoni itokayo katika kongosho. Huiwezesha misuli kuchukua sukari kutoka katika damu, na hulizuia ini lisitoe sukari kupita kiasi. Viungo hivyo visipoitikia vizuri, kongosho huongeza insulini. Ovari, kwa upande wake, huendelea kuitikia. Insulini ya ziada huichochea itengeneze homoni za kiume kwa wingi. Ndipo msichana hukosa hedhi kwa miezi kadhaa, huota nywele kidevuni na kupata chunusi sugu. Huenda pia ngozi ya shingo na kwapa ikawa nyeusi na nene.

Hata hivyo, hedhi isiyo na mpango ni jambo la kawaida katika mwaka wa kwanza baada ya kuvunja ungo. Kwa hiyo daktari hutafuta mambo mawili kwa pamoja: hedhi iliyoendelea kuvurugika, na dalili za homoni za kiume kuzidi. Hupima pia sukari ya damu.

Tiba huanza na maisha ya kila siku. Misuli inayofanya kazi huweza kuchukua sukari hata pasipo msaada wa insulini. Ndiyo maana mazoezi ni dawa. Ugali wa dona, kunde na mboga hufaa kuliko soda na maandazi. Inapohitajika, daktari hutoa metformini, ambayo hupunguza sukari itolewayo na ini. Vidonge vya homoni hurekebisha hedhi, lakini havitibu kasoro ya insulini.

Msichana anayepewa dawa ya chunusi tu, au kuambiwa kwamba hedhi itatengemaa akiolewa, huachwa aelekee kwenye kisukari pasipo kujua. Mwalimu akomeshe dhihaka darasani, amshauri mzazi kwa faragha, na kumwelekeza binti hospitalini mapema.