Somo la Afya: Chumvi na Presha ya Damu



Katika kurasa hizi tumezoea kusoma habari za miche, upaliliaji na ukaushaji wa karafuu. Leo somo letu ni juu ya mwili wa mkulima mwenyewe, kwani shamba zuri halina faida ikiwa mwenyewe hawezi kusimama.

Mwandishi wa somo hili alikwenda kituo cha afya kutibiwa kidonda cha mguu. Mwuguzi akampima na presha, ikaonekana iko juu sana. Asubuhi ya siku ile ile alikuwa juu ya mkarafuu akichuma, wala hakuumwa na kichwa, wala hakuona kizunguzungu. Basi tujue tangu mwanzo: ugonjwa huu mara nyingi haupigi hodi.

1. Presha ya juu ni nini?

Moyo husukuma damu ndani ya mishipa. Nguvu ya msukumo huo hupimwa kwa hesabu mbili: ya kwanza ni pale moyo unapojikaza, na ya pili ni pale unapopumzika. Mtu akipimwa siku mbali mbali, na ikaonekana hesabu ya kwanza imefika 140 au zaidi, au ya pili imefika 90 au zaidi, huyo huhesabiwa kuwa ana presha ya juu.

Presha ikikaa juu kwa miaka mingi huchosha moyo na huharibu figo. Tena huweza kusababisha mshipa wa ubongo kuziba au kupasuka, na hapo ndipo mtu hupatwa na kiharusi, pengine akapooza upande mmoja. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2021 kwamba karibu nusu ya watu wazima wenye presha ya juu hawajui kama wanayo.

2. Chumvi yaingiaje katika jambo hili?

Mwili unahitaji chumvi, lakini kidogo. Ikizidi, maji hubakia kwa wingi katika damu, na msukumo juu ya kuta za mishipa huongezeka. Ni kama mpira wa kumwagilia: ukiufungulia maji mengi, hukakamaa.

Shirika la Afya Duniani lashauri mtu mzima asile zaidi ya gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani chini kidogo ya kijiko kimoja cha chai. Lakini kwa wastani watu wazima duniani hula karibu gramu 11. Tena kijiko hicho ni cha vyakula vyote vya siku: mchuzi, mkate, achari, papa, ng'onda, na hata ile tunayochovyea embe bichi.

3. Jaribio la vijijini Uchina

Huenda mtu akauliza, "Je, kubadili chumvi tu kwaweza kumwokoa mtu?" Jibu lilipatikana katika utafiti mkubwa uliotangazwa mwaka 2021. Wataalamu walichagua vijiji 600 vya Uchina, wakachukua watu karibu 21,000 waliokwisha kupatwa na kiharusi, au wenye umri wa miaka 60 na zaidi na presha ya juu. Nusu ya vijiji waliendelea na chumvi yao ya kawaida. Nusu ya pili walipewa chumvi iliyochanganywa: sehemu tatu chumvi ya kawaida, na sehemu moja chumvi ya potasiamu. Potasiamu ni madini yanayousaidia mwili kutoa chumvi iliyozidi.

Walifuatwa kwa muda wa karibu miaka mitano. Katika kila watu 1,000, kiharusi kilitokea kiasi cha mara 34 kwa mwaka katika vijiji vya chumvi ya kawaida, na kiasi cha mara 29 katika vijiji vya chumvi ya mchanganyiko. Vifo navyo vilipungua. Watu hawa waliendelea kupika nyumbani kwao kama desturi. Kilichobadilika ni kile kilichomo ndani ya kopo la chumvi.

4. Tufanye nini?

(a) Tukapimwe presha, hata kama hatuumwi.

(b) Tupunguze chumvi kidogo kidogo. Ulimi huzoea baada ya wiki kadhaa. Ndimu, tangawizi, pilipili na kitunguu thomu hutia ladha bila ya chumvi.

(c) Papa na ng'onda turoweke, tumwage maji, ndipo tupike.

(d) Chumvi kidogo tunayotumia iwe ile iliyotiwa madini joto, ili tujikinge na rovu.

(e) Tule ndizi, maharage, mchicha na viazi vitamu, na tunywe madafu. Vyote vina potasiamu.

(f) Mwenye maradhi ya figo, mjamzito, na anayetumia dawa za presha, asitumie chumvi ya potasiamu kabla ya kumwuliza daktari. Watoto nao wasipewe.

(g) Aliyepewa vidonge asiviache kwa kuwa amepunguza chumvi au amejiona hajambo. Na akiona kizunguzungu, asipande mkarafuu siku hiyo, aende kituoni.

5. Maswali ya kujisomea

Kwa nini mtu asiyeumwa naye apimwe presha? Nyumbani kwenu mfuko mmoja wa chumvi huisha kwa siku ngapi, na walaji ni wangapi? Ni nani asiyefaa kutumia chumvi ya potasiamu?

Wanachama wayasome maswali haya pamoja na wapishi wa nyumbani, kwani kijiko cha chumvi kimo mikononi mwao. Msimu wa karafuu ukipita huja mwingine, lakini mkono uliopooza pengine haurudi tena shambani.