Landilodi, Kila Shilingi ya Kodi Iwe na Nambari ya Chumba

Mwezi ukianza, simu ya landilodi haitulii. Meseji za malipo zinafuatana, lakini nyingi hazisemi jambo moja muhimu: pesa hii ni ya chumba kipi? Mpangaji mmoja ametumia simu ya mumewe, mwingine amelipiwa na kaka yake. Jina lililo kwenye meseji haliko kwenye daftari lako. Hapo ndipo mtu aliyelipa anapowekewa kufuli mlangoni, na mwenye deni anakaa bila kuulizwa.

Hizi hapa hatua tano za kukusaidia, hata kama una vyumba vinne tu.

1. Tenganisha kodi na pesa zako
Kodi ikiingia kwenye laini yako ya kila siku, inachanganyika na pesa za chama, karo na sokoni. Tumia nambari ya Paybill kwa ajili ya ploti. Till inafaa duka, lakini mteja hana mahali pa kuandika nambari ya akaunti. Kwenye Paybill anapo.

2. Kila chumba kiwe na akaunti yake
Chumba cha nne kiwe A4, dipoziti yake iwe A4D. Sasa hata shangazi akilipa akiwa Kisumu, utajua ni ya A4. Mpangaji akilipa 4,000 kati ya 6,500, mwandikie siku hiyo hiyo kwamba salio ni 2,500. Msingojee mwisho wa mwezi mbishane.

3. Usiamini meseji ya kuonyeshwa
Meseji inaweza kughushiwa, na picha ya skrini pia. Angalia kwenye rekodi zako mwenyewe kama pesa imeingia, kisha ndio utoe risiti. Msimamizi wa ploti anaweza kukusaidia kufuatilia malipo, lakini PIN ni siri yako. Na kodi isipitie kwenye simu yake.

4. Wakinge wapangaji na matapeli
Wakenya wengi wameshapata ile meseji ya "pesa ya kodi tuma kwa hii namba ingine". Bandika nambari ya Paybill kwenye ubao wa ploti, na uwaambie wapangaji mapema: nambari haibadilishwi kwa meseji. Ikibadilika, watapewa barua iliyotiwa sahihi.

5. Tenga ushuru kila mwezi
Mapato ya kodi ya nyumba za kuishi yakiwa kati ya Sh288,000 na Sh15 milioni kwa mwaka, unatozwa ushuru wa asilimia 7.5. Kiwango hiki kilianza Januari 2024, kikitoka asilimia 10. Unatozwa kwenye kodi yote uliyopokea, bila kutoa gharama za rangi, maji au fundi. Ripoti na malipo hufanywa kufikia tarehe 20 ya mwezi unaofuata.

Tuseme una vyumba 12 vya Sh6,500, na wote wamelipa. Umepokea Sh78,000, kwa hivyo ushuru ni Sh5,850. Toa pesa hizo kando siku ile ile, kabla hazijaliwa na mahitaji mengine.

Kabla ya kudai deni
Fungua taarifa ya miamala, tafuta akaunti ya chumba hicho, kisha zungumza na mpangaji mkiwa na rekodi mbele yenu. Pengine aliandika A14 badala ya A4. Na hata kama deni ni la kweli, usimfungie nje wala kumtolea vyombo bila amri ya mahakama au ya jopo la kodi za nyumba. Unaweza kujipata wewe ndiye mshtakiwa.

Leo andika orodha ya vyumba vyako, ukipe kila kimoja akaunti, na uwagawie wapangaji kabla ya tarehe 1. Mwezi ujao utajua nani amelipa bila kugonga mlango hata mmoja.