Kuficha Aibu ya Chakula

Imepokewa na Imamu Muslim ya kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye fungu la nafaka, akatia mkono ndani yake, vidole vyake vikapata umaji. Mwenye nafaka alipoulizwa, alijibu kuwa imenyeshewa na mvua. Mtume akamlaumu kwa kutoiweka ile iliyorowa juu, watu wakaiona. Na tuangalie vyema: mtu yule hakulaumiwa kwa mvua, alilaumiwa kwa kuficha.

Huenda msemaji akasema, umaji kidogo una dhara gani? Basi na autazame mwaka 2004. Huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani mahindi yaliwekwa hali hayajakauka, yakaingia kuvu litoalo sumu ishikayo ini, nayo haiondoki kwa kupikwa. Waliougua walihesabiwa 317, na katika hao wakafa 125. Tena mahindi ya mashamba yale yalinunuliwa na wachuuzi yakaingia masokoni. Vilipopimwa vyakula vya mahindi 350 vya wachuuzi, zaidi ya nusu vilipita kiwango kilichoruhusiwa.

Sharia yetu imempa mnunuzi khiari ya kurudisha kitu chenye aibu aliyofichwa, na katika madhehebu yetu ya Shafii yampasa afanye hivyo upesi aionapo. Lakini atamrudishia nani? Gunia limetoka kwa mkulima likaenda kwa dalali, kisha kwa mwenye lori, kisha kwa mwenye ghala, kila mmoja akichanganya na mengine, hata likifika Mombasa halina asili. Na sumukuvu haionekani kwa jicho. Aijuapo mtu, amekwisha kula, hana tena cha kurudisha. Khiari gani hiyo?

Machi 2021 Serikali ya Kenya, ilipoondoa katazo lake juu ya mahindi ya Tanzania na Uganda, iliwashurutisha waingizaji wajiandikishe, na kila shehena iwe na hati ya kipimo cha sumukuvu, na hati itajayo wilaya yalikolimwa. Sharti hili ni jema, wala wafanyaji biashara wasilione kuwa ni udhia. Lakini hati ni ya shehena, na sisi twanunua kwa kilo. Kwa hiyo mwenye duka na aandike jina la aliyemwuzia, siku, na idadi ya magunia, wala asichanganye ya huyu na ya yule. Daftari la madeni kila duka linalo. Ukurasa mmoja zaidi si taabu. Na mnunuzi akiuliza, "Mahindi haya ni ya wapi?" ajibiwe kwa kweli, na muuzaji asiyejua aseme hajui, mwenziwe apate kuchagua.