Nani Yuko Mwisho wa Mfereji?
Hesabu za robo, sehemu ya kumi na sehemu ya mia



Umekwisha kujifunza kujumlisha, kutoa, kuzidisha na kugawanya. Umekwisha kujifunza pia kutafuta wastani. Katika somo hili utajifunza kuona jambo ambalo wastani hulificha.

Fikiri juu ya ndiva. Watu wa Suji, na wa Upare kwa jumla, wanaijua. Maji ya kijito hukusanywa ndivani usiku. Asubuhi ndiva hufunguliwa, na maji hushuka mferejini kwenda mashambani kwa zamu. Sasa tuseme mtu anasimama mkutanoni na kusema: "Tumepima maji. Kwa wastani kila shamba limepata maji ya kutosha."

Je, maneno hayo yanamsaidia mwenye shamba la mwisho wa mfereji, ambaye mahindi yake yamenyauka? Hayamsaidii. Wa kwanza alipata maji mengi mno. Wa mwisho hakupata kitu. Wastani umewachanganya wote wawili katika chungu kimoja.

Ukitaka kujua hali ya wa mwisho, usiwachanganye watu. Wapange mstari. Hiyo ndiyo kazi ya somo hili.

MANENO MAPYA

Kupanga mstari: kuandika namba kuanzia ndogo kabisa mpaka kubwa kabisa.

Namba ya katikati: namba inayougawa mstari nusu kwa nusu.

Mipaka ya robo: mipaka 3 inayougawa mstari sehemu 4 zenye idadi sawa.

Mipaka ya sehemu ya kumi: mipaka 9 inayougawa mstari sehemu 10.

Mipaka ya sehemu ya mia: mipaka 99 inayougawa mstari sehemu 100.

Usishangae kwamba mipaka ni pungufu kwa moja. Ukitaka kukata gogo vipande 4, unapitisha msumeno mara 3 tu.

Vijana wanaosoma sekondari huiita mipaka hii kwataili, desaili na pasentaili. Majina yasikutishe. Ni msumeno ule ule na gogo lile lile. Tena, sehemu ya kumi tunayoisema hapa siyo fungu la kumi linalopelekwa kanisani!

HESABU YA KWANZA: MAGUNIA YA MAHINDI

Hizi ni namba za kujifunzia. Kaya 12 za kitongoji kimoja zimevuna magunia ya mahindi kama ifuatavyo:

6, 2, 14, 3, 1, 5, 20, 4, 2, 8, 3, 4

Tuseme kila kaya ina watu 6, na inahitaji magunia 5 ili ifike mavuno yajayo. Mfanyabiashara ameleta lori Makanya. Anataka kununua mahindi. Je, kitongoji kina mahindi ya kuuza?

Kwanza tafuta wastani. Jumlisha namba zote. Utapata magunia 72. Gawanya kwa kaya 12. Wastani ni magunia 6 kwa kila kaya. Mahitaji ni magunia 5. Basi mtu atasema: "Kila kaya ina ziada ya gunia 1. Tuuze magunia 12."

Ngoja kwanza. Chukua kalamu, upange mstari:

1, 2, 2, 3, 3, 4, 4, 5, 6, 8, 14, 20

Sasa gawanya kaya 12 kwa 4. Kila robo ina kaya 3. Piga mstari wa kukata baada ya kila kaya ya tatu:

1, 2, 2 / 3, 3, 4 / 4, 5, 6 / 8, 14, 20

Mpaka wa robo ya kwanza uko kati ya 2 na 3. Chukua nusu ya njia: magunia 2 na nusu.

Mpaka wa pili uko kati ya 4 na 4. Ni magunia 4. Hiyo ndiyo namba ya katikati.

Mpaka wa tatu uko kati ya 6 na 8. Ni magunia 7.

Tazama vizuri. Wastani ni 6, lakini namba ya katikati ni 4. Kwa nini? Kwa sababu kaya mbili zenye magunia 14 na 20 zimeuvuta wastani kwenda juu. Kaya 8 kati ya 12 haziufikii huo wastani.

Sasa hesabu kaya ambazo hazifikii magunia 5. Ni kaya 7. Upungufu wake ni huu: 4, 3, 3, 2, 2, 1, 1. Jumla ni magunia 16. Kitongoji kinachosemwa kina ziada ya magunia 12 kina watu watakaolala njaa kwa upungufu wa magunia 16. Ziada iko kwa wachache. Njaa iko kwa wengi.

Tazama tena robo ya chini, yaani zile kaya 3 za mwanzo. Zenyewe peke yake zimepungukiwa magunia 10 kati ya 16. Kama msaada uliopatikana ni magunia 10 tu, sasa mnajua muanze na nani. Mkigawa sawa kwa sawa kwa kaya zote 12, mwenye magunia 20 naye atapata fungu, na mwenye gunia 1 hatafika mavuno.

Je, kama kaya si 12 bali ni 13? Gawanya 13 kwa 4. Unapata 3 na salio. Ukipata salio, panda mpaka namba nzima inayofuata. Mpaka wa robo ya kwanza ni kaya ya 4 yenyewe. Kama hakuna salio, chukua nusu ya njia kati ya kaya hiyo na inayofuata, kama tulivyofanya hapo juu.

HESABU YA PILI: MVUA ZA VULI

Mkulima hawezi kuomba wastani wa mvua umwagilie shamba. Hupanda kwa mvua ya mwaka ule ule. Kwa hiyo inafaa ajue miaka mibaya huja mara ngapi.

Tuseme shule yenu ina kipima mvua, na mwalimu ameandika mvua za vuli kwa miaka 20. Amekwisha kuzipanga mstari. Kipimo ni milimita:

80, 120, 160, 180, 220, 240, 240, 260, 280, 300, 320, 340, 360, 400, 420, 440, 500, 580, 680, 880

Jumla ni 7,000. Gawanya kwa 20. Wastani ni milimita 350. Namba ya katikati iko kati ya 300 na 320, yaani 310.

Mwaka mmoja ulikuwa na mvua kubwa kupita kiasi: milimita 880. Wazee wanaikumbuka miaka ya namna hiyo. Mvua za Elinino zilizoanza mwaka 1997 zilibomoa barabara na madaraja katika sehemu nyingi za Tanzania. Ukiuondoa mwaka huo mmoja katika hesabu yetu, wastani unashuka mpaka 322. Mwaka mmoja wa mafuriko umeupandisha wastani wa miaka 20. Lakini mafuriko ya mwaka ule hayakuotesha maharage ya miaka ya ukame.

Sasa gawa mstari sehemu 10. Miaka 20 ukigawanya kwa 10, kila sehemu ina miaka 2.

Mpaka wa kwanza uko kati ya 120 na 160. Ni milimita 140.

Mpaka wa pili uko kati ya 180 na 220. Ni milimita 200.

Tuseme bwana shamba amewaambia kwamba maharage mnayotaka kupanda hayazai vuli ikiwa chini ya milimita 200. Huo ni mpaka wa pili wa sehemu ya kumi. Maana yake, katika kila vuli 10, utegemee vuli 2 hivi za kukosa.

Usielewe vibaya. Hesabu haisemi kwamba ukikosa mwaka huu, basi miaka minne inayofuata ni salama. Vuli mbili mbaya zinaweza kufuatana. Hesabu inakupa kiasi cha hatari. Haikupi kalenda.

Ukijua hatari ni 2 katika 10, unaweza kuamua. Unaweza kupanda sehemu ya shamba zao linalovumilia ukame. Unaweza kuweka akiba ya mbegu ya kupandia tena. Mnaweza kutoa tope ndivani kabla ya mvua, ili kidogo kitakachopatikana kisipotee.

Unaposikia redioni Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania ikitangaza kwamba mvua zitakuwa "za wastani hadi chini ya wastani", jua kwamba wataalamu nao wamelinganisha na kumbukumbu za miaka mingi. Linganisha na mstari wa mahali pako. Suji ni mlimani na Makanya ni tambarare. Mvua zao si sawa.

HESABU YA TATU: UZITO WA MTOTO

Sehemu ya mia hutumika pale watu ni wengi sana. Mfano mzuri ni kliniki ya watoto.

Mwaka 2006 Shirika la Afya Duniani lilitoa vipimo vipya vya ukuaji wa watoto. Watoto waliopimwa walikuwa wenye afya na matunzo mema, kutoka nchi 6: Brazili, Ghana, India, Norwei, Omani na Marekani. Vipimo hivyo vinaonyesha kwamba kwa mtoto wa kike wa miezi 12:

mpaka wa 3 wa sehemu ya mia ni kilo 7.1;
mpaka wa 15 ni kilo 7.9;
mpaka wa 50 ni kilo 8.9.

Maana yake nini? Wapange mstari watoto wa kike 100 wenye afya, wa miezi 12, kuanzia mwepesi mpaka mzito. Mtoto wa kilo 7.9 ana wenziwe kama 15 nyuma yake na kama 85 mbele yake. Mtoto wa kilo 8.9 yuko katikati.

Hapa watu wengi hukosea. Husikia "15 kwa mia" wakadhani mtoto ameshindwa, kama mwanafunzi aliyepata alama 15 katika mtihani. Sivyo. Hii si alama. Ni nafasi yake mstarini. Katika mstari wowote lazima awepo wa nyuma, hata wote wakiwa wazima. Mtoto wa wazazi wadogo wa umbo anaweza kuwa nafasi ya 15 na kukua vizuri kabisa.

Basi tazama mambo mawili. La kwanza: mtoto yuko chini ya mpaka wa 3? Kati ya watoto 100 wenye afya, ni kama 3 tu wanaokuwa hapo. Mhudumu wa afya amchunguze. La pili: nafasi yake inashuka? Mtoto aliyekuwa katikati akiwa na miezi 6, na sasa ana miezi 12 yuko karibu na mpaka wa 3, amepitwa na wenziwe. Kuna kitu kinachomrudisha nyuma: huenda ni chakula, huenda ni ugonjwa. Usingoje akonde macho yakaona. Mpeleke kliniki mapema. Ndiyo sababu mtoto hupimwa kila mara, na kadi yake hutunzwa.

MASWALI YA KUULIZA MKUTANONI

Mtu akileta wastani katika mkutano wa kijiji, msikilize kwa heshima. Kisha nyosha mkono, uulize:

1. Namba ya katikati ni ngapi?
2. Robo ya chini wana kiasi gani?
3. Kuna namba moja au mbili kubwa zilizouvuta wastani?

Hayo si maswali ya kubishana. Ni maswali ya kuwatafuta wale ambao mara nyingi hawasemi mkutanoni.

ZOEZI

1. Kaya 8 zimevuna madebe ya maharage haya: 7, 3, 12, 2, 5, 4, 22, 1. Panga mstari. Tafuta wastani, namba ya katikati, mpaka wa robo ya kwanza na mpaka wa robo ya tatu. Kaya ngapi ziko chini ya wastani?

2. Rudi kwenye mvua za vuli. Mpaka wa tisa wa sehemu ya kumi ni milimita ngapi? Katika vuli 10, utegemee ngapi zitakazoupita? Kwa nini watunza ndiva wanahitaji kuijua namba hiyo?

3. Watoto 200 wa umri mmoja wamepimwa. Watoto 30 ni wepesi kuliko mtoto wa jirani yako. Nafasi yake ni ya ngapi kwa mia?

4. Jadilianeni: Katika kitongoji chenu, ni nani wako robo ya chini kwa chakula? Je, ndio hao hao walio mwisho wa mfereji?

MAJIBU

1. Mstari: 1, 2, 3, 4, 5, 7, 12, 22. Wastani ni madebe 7. Namba ya katikati ni 4 na nusu. Robo ya kwanza ni 2 na nusu. Robo ya tatu ni 9 na nusu. Kaya 5 ziko chini ya wastani.

2. Ni milimita 630, nusu ya njia kati ya 580 na 680. Utegemee vuli 1 katika 10. Vuli kama hiyo huleta maji mengi yanayoweza kubomoa ukuta wa ndiva. Ni vizuri ukuta uimarishwe mapema.

3. 30 gawanya kwa 200, zidisha kwa 100. Jibu ni 15.

4. Jibu la swali hili halimo kitabuni. Litafuteni pamoja, kaya kwa kaya, kwa kalamu na daftari.