SOMO LA WIKI: Nauli ndiyo inayokula faida ya fundi wa vishikwambi

Biashara ya kutengeneza vishikwambi kwa njia ya vifurushi huonekana nyepesi kwa mbali. Mteja aliyeko Kondoa, Mpwapwa au Manyoni anafunga kifaa chake, anakipeleka posta au kwa wakala wa basi, na fundi aliyeko Dodoma mjini anakitengeneza na kukirudisha. Lakini anayeingia humo bila kupiga hesabu ya nauli anaweza kufanya kazi mwezi mzima na mwishoni akajikuta amekula mtaji. Somo la wiki hii linahusu hesabu hiyo.

SOKO LILIVYO

Sensa ya Agosti 23, 2022 ilikuwa ya kwanza nchini kutumia vishikwambi. Vilivyotumika vilizidi laki mbili, na kazi ilipokwisha Serikali ilivielekeza shuleni na kuvigawa kwa walimu. Sensa hiyo ilihesabu watu 3,085,625 mkoani Dodoma na 2,008,058 mkoani Singida. Jumla ni zaidi ya milioni tano, na wengi wao wanaishi mbali na fundi mwenye vifaa kamili.

Jambo la kuzingatia ni kwamba vifaa vilivyonunuliwa pamoja huchakaa pamoja. Betri za aina hii hupungua nguvu kadiri zinavyochajiwa. Baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, nyingi hubaki na takriban asilimia 80 ya uwezo wake wa awali. Ongeza vumbi la kiangazi cha nyanda za kati, ambacho huanza Mei na kuendelea hadi karibu na Desemba. Vumbi huziba tundu la kuchajia, na mteja hudhani kifaa kimekufa wakati kinahitaji kusafishwa tu.

HESABU YA KIFURUSHI KIMOJA

Bei zifuatazo ni za mfano. Kila mfanyabiashara aweke za kwake. Ichukuliwe kwamba nauli ya kifurushi kimoja kidogo ni sh. 5,000 kwenda na sh. 5,000 kurudi. Kubadili kioo kunahitaji kipuri cha sh. 60,000 na ufundi wa sh. 20,000. Gharama yote ni sh. 90,000, na nauli ni sehemu moja tu ya tisa. Kazi hiyo inabeba safari yake.

Kubadili tundu la kuchajia ni jambo jingine. Kipuri ni sh. 3,000 na ufundi ni sh. 7,000. Nauli ya sh. 10,000 inalingana na kazi yenyewe. Mteja akidaiwa sh. 20,000 ataona ni ghali, na fundi akipunguza bei atakuwa anamlipia mteja nauli. Hapo ndipo wengi huanguka, kwa kuwa makosa madogo ndiyo yanayoleta wateja wengi.

HESABU YA BOKSI LA KUMI

Sasa ichukuliwe kwamba shule tatu za kata moja zimekusanya vishikwambi kumi vyenye tatizo la kuchaji na kuviweka katika boksi moja. Nauli ya boksi ni sh. 8,000 kwenda na sh. 8,000 kurudi. Fundi anatoza sh. 15,000 kwa kila kifaa kinachopona, nauli ikiwa ndani. Viwili havitengenezeki.

Mapato: vifaa 8 kwa sh. 15,000 ni sh. 120,000.
Vipuri: sh. 24,000.
Ufundi: sh. 56,000.
Muda wa kukagua viwili vilivyoshindikana: sh. 4,000.
Nauli: sh. 16,000.
Gharama zote: sh. 100,000. Kinachobaki ni sh. 20,000, kabla ya pango, umeme na kodi.

Vifaa hivyo hivyo vikija kimoja kimoja kwa bei ile ile, nauli inapanda hadi sh. 100,000 na gharama zote zinafika sh. 184,000. Hasara ni sh. 64,000. Fundi ni yule yule na kazi ni ile ile. Kilichobadilika ni namna mzigo ulivyosafiri.

NAMNA YA KUJAZA BOKSI

Njia iliyo salama ni kuweka siku maalumu ya kukusanya, mathalani Ijumaa ya mwisho wa mwezi, na kuwa na mtu mmoja wa kupokea katika kila mji wa wilaya: mwenye duka la vifaa vya shule au wakala wa basi, kwa kamisheni inayojulikana. Mteja wa nyumbani asiyeweza kusubiri alipe nauli yake mwenyewe. Ada ya ukaguzi nayo ielezwe mapema, ili kifaa kisichopona kisigeuke mzigo wa fundi.

Kwa upande wa vipuri, wengi huvitafuta Kariakoo. Tangu Julai 2024, treni ya SGR inafika Dodoma kutoka Dar es Salaam, hivyo hakuna sababu ya kufungia mtaji katika vioo vya kila aina. Betri na matundu ya kuchajia ndivyo vikae dukani. Vioo viagizwe kazi inapopatikana.

TAHADHARI NNE

Kwanza, kishikwambi alichopewa mwalimu na Serikali ni mali ya umma. Fundi asikifungue kwa maneno ya mdomo. Apate maandishi ya mkuu wa shule na idhini ya halmashauri. Anayelenga mikataba ya halmashauri ajue kuwa ununuzi wa umma sasa unapitia mfumo wa NeST, hivyo ajisajili mapema.

Pili, betri iliyovimba isisafirishwe. Inaweza kushika moto ndani ya basi au ghala. Kanuni za usafiri wa anga zinakataza betri mbovu, na tangu Aprili 2016 hata betri nzima za lithiamu zinazosafirishwa peke yake kama mizigo haziruhusiwi katika ndege za abiria.

Tatu, namba ya IMEI iandikwe kwenye stakabadhi wakati wa kupokea na wakati wa kurudisha. Humlinda mteja asibadilishiwe kifaa, na humlinda fundi asituhumiwe. Kubadili namba hiyo ni kosa la jinai.

Nne, ndani ya kifaa kuna alama za wanafunzi na picha za familia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inamhusu fundi pia. Asiyehitaji neno la siri kwa kazi yake asiliombe.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Nauli ni sehemu gani ya bei ya kazi inayokuja mara nyingi zaidi?
2. Boksi lako linahitaji vifaa vingapi ili lisilete hasara?
3. Vifaa vitatu kati ya kumi vikishindikana badala ya viwili, kinabaki kiasi gani?

Kwa mfano uliotolewa hapo juu, jibu la swali la tatu ni sh. 13,000. Kifaa kimoja tu kimepunguza theluthi moja ya kilichobaki. Ndiyo maana ada ya ukaguzi haipaswi kusahauliwa.