Baiskeli Wakati wa Kusi na Mvua: Amua Usiku, Ondoka Asubuhi

Swali ninaloulizwa sana barabarani ni hili: moyo wa kuendesha baiskeli mvua ikinyesha au kusi ikivuma naupata wapi? Jibu langu ni kwamba asubuhi siutafuti kabisa. Asubuhi ya mvua kila mtu ana sababu nzuri ya kubaki kitandani, na anayeanza kubishana na kitanda hushindwa. Safari yangu huamuliwa usiku, nikiwa mkavu, nimeshiba na akili imetulia. Kukicha, kazi inakuwa moja tu, kuondoka. Hamu hunikuta njiani.

Mimi ni fundi cherehani, nakaa Kilwa Masoko. Nashona sare za shule, madera na nguo za harusi, na wateja wangu wametawanyika kwenye barabara ya Nangurukuru. Wapo wa Mpara, wapo wa Singino, na wapo wa Kivinje, karibu kilomita 30 kutoka kwangu. Mzigo naufunga kwenye keria na kuupeleka mwenyewe. Shule zinafunguliwa Januari, katikati ya msimu wa mvua, na mtoto anayengoja sare hawezi kuambiwa asubiri mawingu yaondoke. Kwa hiyo haya ninayoyaandika ndiyo yanayoniwezesha kula.

Ujue upepo kabla ya kupanga safari

Pwani yetu ina bahati moja kubwa: hali yake ya hewa ina ratiba. Kaskazi huvuma kuanzia Desemba hivi hadi Machi, ikija na joto. Kusi hushika kuanzia Aprili, na Juni hadi Agosti ndipo inapokaza. Mvua nazo, Mamlaka ya Hali ya Hewa huuhesabu mkoa wa Lindi miongoni mwa mikoa yenye msimu mmoja, Novemba hadi Aprili, ingawa Mei pia huweza kutushangaza.

Sasa chukua barabara yako na uiweke juu ya upepo huo. Barabara ya Masoko kwenda Nangurukuru inaelekea kaskazini na kuchepuka magharibi. Kusi inatoka kusini mashariki, kwa hiyo ukienda inakusukuma mgongoni. Ni raha kweli. Unapita Mpara bila kutoa jasho na unajiona una nguvu za ajabu. Wakati wa kurudi upepo uleule unakuwa usoni, na saa nane mchana umekwisha kukolea. Msimu wa kaskazi mambo hubadilika: ukienda, upepo unakupiga mbele kwa ubavu wa kulia, na ukirudi unakusaidia kuja nyumbani.

Hesabu ya upepo ni ya kuheshimiwa. Ukienda kilomita 15 kwa saa siku ya shwari, hewa inakupiga kwa kasi hiyohiyo ya 15. Upepo ukija mbele yako kwa kilomita 15 kwa saa, hewa inakupiga kwa 30, na ukinzani wake unakuwa mara nne, sio mara mbili. Ndiyo sababu mtu mwenye afya njema anajikuta ametapakaa jasho kwenye barabara tambarare akadhani ameishiwa moyo. Moyo anao. Kilichomchosha ni hewa, na dawa ya hewa ni saa ya kusafiri na mwendo wa kusafiria.

Kwa hiyo msimu wa kusi naondoka saa kumi na mbili asubuhi, upepo ukiwa bado haujaamka, na najitahidi niwe nimegeuza kurudi kabla ya saa nne. Nikichelewa, sigombani na barabara. Nakaa kwa mteja, napima watu, nachukua oda, nasubiri alasiri ipite upepo upungue. Nikilazimika kurudi mchana, napunguza mwendo kwa makusudi, nainama kidogo juu ya usukani na kuacha kutazama saa. Mwendo wa pole dhidi ya kusi unakufikisha. Mwendo wa kushindana nayo unakufanya uiogope safari ya kesho.

Mwalimu mzuri wa jambo hili yuko ufukweni. Jioni nikipita penye madau nawauliza wazee wa bahari.

“Shikamoo babu. Kesho kutakuwaje?”

“Marahaba mjukuu wangu. Upepo utaamka saa tatu. Toka mapema.”

Wazee hao wana elimu ya kale. Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, mji wa Kisiwani uliishi kwa pepo hizihizi: kaskazi ilileta vyombo kutoka Uarabuni na India, kusi ikavirudisha. Nahodha hakuwa na haja ya kungoja ajisikie kusafiri. Alikuwa na kalenda ya upepo, na wakati wake ukifika alitweka tanga. Mwendesha baiskeli wa pwani anaweza kuishi kwa kanuni hiyohiyo.

Kazi ya usiku

Kabla ya kulala nafanya mambo haya, na siyaachi hata siku anga likiwa jeupe. Naangalia utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa kwenye simu. Nabonyeza matairi kwa kidole gumba na kuyajaza kama yamelegea. Nafunga mzigo kabisa. Natundika nguo za safari kwenye msumari wa mlangoni: suruali nyepesi, blauzi, kilemba, na koti la mvua juu yake. Dera nalibeba kwenye mzigo nikalivae nikifika, kwa sababu dera kwenye baiskeli siku ya kusi ni tanga, litakuyumbisha hadi katikati ya barabara. Ukipenda kuendesha na baibui, lifunge vizuri kiunoni, na hakikisha mnyororo una kava.

Halafu naweka maneno, kwa sauti, nikiwa peke yangu: “Mvua ikiwa ya manyunyu, naenda. Ikiwa kubwa, nasubiri nusu saa, ikipungua naenda. Nikisikia radi, siendi.” Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliandika mwaka 1999 kuhusu nguvu ya mipango ya namna hii. Anayejiambia mapema “likitokea hili, nitafanya hili” hutimiza nia yake kuliko anayebaki na nia tupu. Mimi naliona kila siku ya mawingu. Uamuzi ukishapitishwa, mawingu hayana la kujadili nami.

Watu wa Oulu, mji wa kaskazini mwa Finland, huendesha baiskeli katikati ya theluji, na mwaka 2013 mji huo ulikuwa mwenyeji wa mkutano wa kwanza wa kimataifa wa waendesha baiskeli wa majira ya baridi. Kinachowasaidia ni kwamba mji unazisafisha njia zao za baiskeli, wakiamka zinapitika. Sisi hatuna wa kutusafishia njia, lakini kila kikwazo unachokiondoa usiku, iwe tairi lililolegea au koti lisiloonekana lilipo, ni theluji iliyozolewa mlangoni pako.

Kanuni ya Mpara

Siku nzito kabisa sijiambii kwamba naenda Kivinje. Najiambia naenda Mpara. Nikifika nasimama, nateremsha mzigo wa pale, naangalia anga na kuusikiliza mwili. Hali ikiwa mbaya, narudi na nimekwishafanya kazi ya maana. Ikiwa inavumilika, naendelea. Mara nyingi naendelea, kwa sababu sehemu ngumu ya safari ni zile dakika za kwanza, nguo zinapoanza kulowa. Ukishalowa umekwishalowa.

Tafuta Mpara yako: mahali pa karibu penye paa, penye mtu unayemjua, na penye sababu ya kukufikisha. Kubwa zaidi, pawe na anayekungoja. Siku za mvua mimi humpigia mteja usiku na kumwambia, “Mama, kesho asubuhi nakuletea.” Ahadi iliyotoka mdomoni inakutoa nyumbani kuliko hotuba yoyote ya kujitia moyo.

Mvua: linda mzigo, mwili utakauka

Mvua ya kwetu ni ya joto. Ukivaa koti zito la plastiki na kupiga pedali, utalowa jasho kwa ndani kama ambavyo ungelowa mvua kwa nje. Koti langu ni la siku ya mvua yenye upepo, maana hapo baridi huingia. Mvua ya kawaida naiacha inipige, nikiwa na nguo kavu na kanga ya kujifutia ndani ya mzigo. Miguuni navaa yeboyebo zenye mkanda wa nyuma, hazinywi maji wala hazichomoki kwenye pedali. Kandambili huteleza, ziache nyumbani.

Mzigo ndio wa kulindwa. Mifuko ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tarehe 1 Juni 2019, lakini nailoni ya kupimwa kwa mita inapatikana dukani. Naikata, nazungushia nguo na kukunja ncha ya juu mara mbili, kisha naingiza kwenye kiroba cha salfeti, mdomo ukitazama nyuma ya baiskeli. Nafunga kwa mpira uliokatwa kutoka kwenye tyubu kuukuu. Kamba hulegea njiani, mpira unabaki umeshika. Sare nyeupe ya shule imesafiri hivyo hadi Kivinje ikafika na mikunjo ya pasi.

Kwa baiskeli yenyewe, zingatia haya:

Breki. Rimu za chuma zikilowa, breki hazishiki upesi. Anza kubana mapema, bana na kuachia mara kadhaa ili mpira ufute maji, ndipo ubane kweli.

Mnyororo. Oili ya cherehani ninayo mezani kila siku, lakini msimu wa mvua siipaki kwenye mnyororo. Ni nyepesi mno, huoshwa mara moja. Tumia oili ya injini, mpya na safi. Ile chafu iliyotolewa kwenye gari ina chembe za chuma, itasaga mnyororo na meno. Paka tone kwenye kila kiungo, zungusha pedali kinyumenyume, kisha futa ya juu kwa kitambaa, maana oili inayobaki nje hukamata mchanga.

Tope. Ukiacha lami, udongo mfinyanzi utajaa chini ya madigadi hadi gurudumu ligome. Beba kijiti cha kuuchokoa. Kwenye tope na mchanga, matairi yaliyopunguzwa upepo kidogo hushika vizuri zaidi.

Chumvi. Hapa pwani chumvi inaua baiskeli kuliko mvua. Ukipita ufukweni au kwenye njia zinazoingiwa na maji ya bamvua, jioni mwagia baiskeli maji baridi, ifute, ipake oili. Kazi ya muda mfupi inayookoa fremu, spoku na fedha.

Madimbwi. Dimbwi usilolijua lina shimo. Lizunguke au shuka. Na mchana wa giza la mvua vaa nguo ya rangi kali, weka taa nyuma. Ukisikia basi au lori linakuja, toka kwenye lami mapema kabla halijakupigia honi.

Jua la kaskazi nalo

Tunapozungumza hali mbaya ya hewa tunafikiria mvua, wakati Januari na Februari jua lenye unyevunyevu wa bahari linachosha kuliko manyunyu. Jasho halikauki, mwili haupoi. Kunywa maji kabla ya kiu, funika kichwa, na ukipata dafu njiani simama unywe. Kichwa kikianza kuuma, au ukihisi baridi na vinyweleo kusimama juani, shuka, kaa kivulini, jimwagie maji. Safari imekwisha kwa saa hiyo.

Siku ya kutokwenda

Anayetaka kuendesha baiskeli miaka mingi lazima awe na mipaka. Yangu ni hii. Radi: ukiona mwanga na ngurumo ikafika kabla ya sekunde 30, radi iko ndani ya kilomita 10. Ingia ndani ya nyumba au gari, wala usijikinge chini ya mwembe au mnazi, na subiri nusu saa baada ya ngurumo ya mwisho. Maji yanayopita juu ya barabara: usivuke, hata yakionekana ya kifundoni, maana hujui kama lami bado ipo chini yake. Taarifa ya Mamlaka ikifika kiwango cha “tahadhari kubwa”: baiskeli inalala ndani.

Mwezi Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipopiga pwani hii, barabara kuu ya kusini ilikatika eneo la Somanga, hapahapa wilayani kwetu, na mabasi na malori yakakwama. Kilichokatika ni barabara inayobeba malori ya mizigo. Baiskeli haina hoja mbele ya maji ya namna hiyo.

Kubaki nyumbani kwa kanuni uliyoiweka mwenyewe si uvivu. Uvivu ni kubaki kwa sababu ya wingu. Mwenye mipaka iliyo wazi hulala usingizi mzuri, kwa sababu anajua siku ya hatari hatatoka, na siku nyingine zote hana haja ya kujiuliza.

Ukitaka kuanza, usingoje kiangazi. Chagua safari fupi yenye mtu anayekungoja, mpigie simu leo jioni, uliza upepo wa kesho unatoka wapi na unaamka saa ngapi, jaza matairi, tundika nguo mlangoni. Kesho ondoka kwa saa uliyoipanga. Fanya hivyo msimu mmoja wa mvua na mmoja wa kusi, utakuwa umeijua pwani yako mwaka mzima, na baiskeli yako itakulisha miezi yote kumi na miwili.